Tazama K Kwanza

Juma lililopita mjukuu wangu aliingia ndani amekumbatia kompyuta mpakato, hiyo wanayoiita laptopu. Kaipata kwenye punguzo la bei, anasema, bei ya kutupa, na muuzaji kamhakikishia kwamba ni mpya, haijaguswa, boksi tu ndilo lililopotea. Nikamwambia lete hapa. Nikaigeuza chini juu, nikainusa matundu yake, nikaipeleka dirishani nikazitazama herufi kwa upande, jua lizipige. A ilikuwa inang'aa kama kisigino cha bibi harusi. K nayo vilevile. Q na X zilikuwa bado na ukavu wake wa dukani. "Hii imeshaandika Kiswahili si chini ya miaka miwili," nikamwambia. "Kamrudishie mwenyewe." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaziinamia zile herufi, akaacha kucheka, akauliza, "Bibi, haya nani kakufundisha?"

Sikumjibu siku ile. Wenzangu wa umri huu wanaogopa nyoka, wanaogopa presha, wanaogopa kufa. Mimi naogopa herufi moja, na nimeiogopa tangu nikiwa mwanamke kijana hapa Tabora, enzi zile za vijiji vya ujamaa na foleni za sabuni. Herufi hiyo ilitaka kunifunga. Aliyenifundisha kuitazama ndiye aliyeniokoa nayo, au ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi.

Tulimwita Fundi. Mafundi Tabora walikuwa wengi, wa cherehani, wa baiskeli, wa saa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walikuelekeza kwenye baraza moja kule Gongoni, pazia la kaniki mlangoni, na nyuma ya pazia mzee mwembamba mwenye kofia ya viua iliyokuwa nyeupe zamani, ameinamia taipureta. Alitengeneza taipureta na mashine za kujumlishia. Kitu kingine hakugusa. Ukimpelekea redio alikwambia, "Redio inasema yenyewe, mwanangu. Mimi sitaki ndani mwangu kitu kinachosema chenyewe." Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Maana Fundi alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa heshima, mimi mwenyewe ni mwoga na sioni haya, lakini yule mzee alikuwa amenipita. Gari la serikali likipita barabarani alikuwa ananyamaza katikati ya neno, bisibisi hewani, mpaka mlio uishe, kisha anajitemea mate kifuani na kuuliza, "Tulikuwa wapi?" Hakuwahi kukaa kaupa mlango mgongo. Risiti alizitunza zote, hata ya kikombe cha bati. Balozi wetu wa nyumba kumi akipita kusalimia tu, Fundi alisimama wima kama mtoto wa shule na kujibu, "Sijambo, ndugu, hapa ni kazi tu, hakuna mazungumzo." Nani aliyemuuliza kuhusu mazungumzo?

Na alipokuwa anajaribu mashine hakuandika kitu chenye maana. Mafundi wengine huandika jina lao, au jina la mji, au salamu. Yeye aliandika mstari mmoja siku zote: kaka kakataa kukaa kwa kaka. Nikamuuliza kaka yupi. Akasema, "Hakuna kaka. Andika maneno yasiyo na maana, hakuna atakayekuuliza ulimaanisha nini."

Lakini mstari ule ulikuwa na kazi yake, na hapo ndipo unapoingia ufundi wake. Taipureta karibu zote zilizokuwa mjini zililetwa enzi za mkoloni kuandika Kiingereza. Kwa Kiingereza, alisema Fundi, herufi inayochoka ni E. K inalala. Inaamshwa mara moja moja, inagonga, inarudi kulala. Uhuru ulipokuja, ofisi zikahamia Kiswahili, na K ikakurupushwa usingizini: kikao, kamati, katibu, kijiji, kilimo, kwa, kwamba, katika, ukimaliza ukurasa umeipiga mara mia. Ni kichuma chembamba, kina mguu mmoja wa kushuka, na mguu huo ndio unaokatika. Kwa hiyo mtu anayetafuta mashine ya bei rahisi, rahisi ya kweli na si ya kudanganywa, asibabaishwe na rangi wala sanduku. "Tazama K kwanza," alikuwa anasema. "E ikiwa imechoka na K ikiwa nzima, hiyo ni mashine iliyokaa kwa Wazungu na haijatumikishwa Kiswahili. Nunua hata kama imeota kutu. K ikiwa imechoka, wacha, hata kama inameta."

Watu walimtafuta kwa hilo tu. Mwalimu mkuu mmoja wa kule Tura alikuja na treni siku nzima kwa sababu karani mstaafu alitaka kumuuzia taipureta ya shule, mpya kabisa eti. Nilikuwepo. Sanduku lilikuwa jipya kweli, la bluu, bado linanuka gundi. Karani akaanza kupiga herufi kwa kasi, tatatata, kuonyesha ilivyo nyepesi. Fundi akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, umetoka mbali, nenda kanywe chai pale kwa mama ntilie." Yule bwana alipotoka, Fundi akazipiga herufi moja moja, taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Sita zilinasa zikabaki juu. "Muuzaji asipige yeye," akamwambia mwalimu. "Anazijua zilizo mbovu, anaziruka." Kisha akageuza mashine, akainusa tumboni. "Imekaa kwenye ghala la tumbaku, huko Igalula au jirani. Panya wamezalia humu. Umenunua sanduku, mwalimu, ila bado hujalipa, alhamdulillahi."

Hata vitu vidogo alikuwa na njia zake. Utepe wa wino ulikuwa adimu wakati huo kuliko sukari, na wajanja walikuwa wanachukua tepe zilizokauka, wanazitia wino na mafuta ya taa, wanazizungushia karatasi ya rangi ya fedha, wanaziuza kama za kiwandani. Fundi aliukunja kidogo kati ya kucha mbili, akanusa vidole. Karatasi za kaboni aliziinua kwenye jua. Zilizokwisha kutumika zilikuwa na vitundu vya herufi, na ukitaka unaweza kusoma barua nzima ya mtu. Yeye alikuwa anaziinua huku kafumba jicho moja, jingine kalifinya. "Naangalia vitundu tu," alisema. "Sitaki kujua watu wameandikiana nini." Basi ndivyo alivyokuwa, anaona kila kitu na hataki kuonekana ameona.

Jambo moja halikukaa sawa na hayo yote, nami sikulitilia maanani. Fundi alikuwa akiitwa kwenye ghala la idara moja pale mjini, kukagua mashine zilizochakaa kabla hazijapigwa mnada. Aliyekuwa anamwita ni afisa ugavi, bwana mnene, mcheshi, anayenukia sabuni nzuri wakati sisi tunafulia majivu. Unadhani Fundi angefurahi, kazi ya serikali, chai na mkate. Wapi! Alirudi kila mara rangi imemtoka, anakaa barazani hali chakula, mkewe anamwita mara tatu. Nikimuuliza mashine zilikuwaje, anasema, "Nimesaini." Hilo tu. Nikadhani ni uoga wake uleule wa kuona meza na mhuri.

Sasa mimi. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto bado, naishi na mama yangu mtaa wa Ng'ambo. Taipu nilijifunza kwa masista nikiwa msichana, na nilikuwa naandikia watu barua za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kuomba bati, kwa mashine ya kuazima. Mwenye mashine akaitaka. Siku zile mwanamke asiye na mume wala kazi ya kueleweka alikuwa hana usalama, mgambo wanapita asubuhi wanakuuliza unafanya nini mjini, na ukikosa jibu unapandishwa lori kwenda kulima kijiji usichokijua. Jibu langu lilikuwa taipureta. Bila taipureta mama angebaki peke yake, na mama alikuwa haoni vizuri.

Ndipo ukatangazwa mnada wa lile ghala. Nikamwendea Fundi.

"Shikamoo, Fundi. Twende ukanitazamie."

"Marahaba. Mimi siendi minadani."

"Utaniacha nikaibiwe?"

Akasugua skrubu moja isiyo na uchafu. "Nitakuja," akasema. "Lakini tusisimame pamoja. Ukifika kwenye mashine, nitazame. Nikivua kofia, nunua."

Tulikwenda kila mtu njia yake kama wezi. Mashine zilikuwa saba, zimepangwa juu ya meza ya mbao, nne zimepakwa rangi mpya nyeusi mpaka kwenye vifungo. Hizo niliziruka mwenyewe, nilikuwa nimeshafundishika. Ya tano ilikuwa chakavu, imetoka misheni fulani, E imelika, fremu yake imara, roli la kuzungushia karatasi bado laini. Nikainama nikatazama K. Mguu wa chini umekatika. Imebaki fimbo na mkono mmoja umeinuliwa juu. Nikataka kuondoka. Nikainua macho nimtafute Fundi kwenye watu, nikamwona nyuma kabisa, jasho linamtiririka mashavuni na asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kipupwe. Akavua kofia.

Nikadhani kakosea. Nikaionyesha K kwa kidole. Akaivaa kofia, akaivua tena.

Nikanunua. Hakuna aliyeitaka, nikaipata kwa bei ambayo hata leo nikiikumbuka natabasamu. Nilipoipeleka Gongoni nikamwambia, "Wewe mwenyewe unasema tazama K kwanza." Akanijibu bila kunitazama, "K nitakutafutia. Nyingine zote ni nzima. Hiyo ndiyo mashine pekee ya kweli iliyokuwa pale." Lakini K haikupatikana. Kopo lake la herufi lilikuwa na Q, X na Z tele, K hata moja. Mji mzima ulikuwa unazitafuta. Kila juma nikamuuliza, kila juma akasema subiri, na akaniambia nisiandike barua za kwenda ofisini, niandike za raia kwa raia tu. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa na meza yangu, wateja wangu, na jibu la kuwapa mgambo. Mama alikula.

Miezi miwili haikuisha. Balozi akapita nyumba kwa nyumba na sauti ya chini. Kuna barua, akasema, haina jina, imefika kwa wakubwa mkoani na nakala yake imekwenda mbali zaidi. Inasema minada ya ghala ni ya uongo, kwamba mashine nzima zinaandikwa mbovu ili wenyewe wauziane, na mbovu zinapakwa rangi wauziwe wananchi. Afisa ugavi kachachamaa, anasema ni hujuma. Kila mwenye taipureta mjini aipeleke Alhamisi kwenye ukumbi, aandike mbele ya maofisa. "Wataijua mara moja," balozi akasema, akaninong'oneza kwa furaha ya mwenye habari. "K yake haina mguu."

Balozi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye mashine yangu, juu yake kuna khanga tu. Nikamkaribisha chai kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Akakataa, akaenda zake.

Nilimweleza mama nakwenda sokoni. Nikaifunga mashine kwenye khanga, nikaiweka ndani ya kapu, juu nikapanga majani ya muhogo, nikatembea Ng'ambo mpaka Gongoni mchana kweupe nikisalimia kila mtu. Wanyamwezi wanaotoka shambani wananiambia mwangaluka, nami najibu mwangaluka, huku najua nikijikwaa tu nimekwisha. Niliingia kwa Fundi nikadondoka kwenye mkeka.

"Fundi, ni hii. Hiyo K wanayoitafuta ni hii yangu."

"Punguza sauti."

"Si mimi niliyeandika! Nimeinunua mnadani, unajua mwenyewe. Nani ataniamini? Watanifunga, Fundi, mama yangu atashikwa mkono na nani?"

"Nimesema punguza sauti."

Akafunga mlango. Sikuwahi kumwona akifunga mlango mchana. Akapuliza makaa, akaweka chuma cha kulehemia, akatoa mashine yake mwenyewe kutoka kwenye rafu, ile aliyofundishia wanafunzi zamani. K yake ilikuwa nzima, ameitunza miaka yote. Akaing'oa. Koleo nilishika mimi, yeye akaelekeza, na mara mbili risasi ya moto ya kulehemia ilimdondokea kidoleni asiseme hata ah. K yake ikaingia kwangu. Kisha akaichukua ile yangu isiyo na mguu, akaanza kuilehemu kwake.

"Unafanya nini? Itupe chooni hiyo!"

"Alhamisi nitakwenda na mashine isiyo na K? Wataniuliza K iko wapi."

"Basi usiende."

"Mji mzima unajua nina taipureta."

Nilielewa. Wallahi nilielewa palepale, na sikusema usifanye. Nilitaka kusema, neno lilifika mdomoni, na woga ukalimeza. Nikafunga kapu langu. Akaniambia, "Ukifika zamu yako usiandike haraka. Mwenye haraka anaonekana." Nikatoka.

Alhamisi foleni ilianzia nje ya ukumbi. Makarani, walimu, mapadri wawili, Mwarabu mmoja wa duka la vitambaa na taipureta ya marehemu baba yake. Fundi alikuwa mtu wa nyuma yangu. Hatukusalimiana. Afisa mmoja mgeni, kijana, alikuwa anasoma sentensi na kila mtu anaiandika: kamati ya kijiji imekaa kikao. Nikaandika taratibu. Risasi ya kulehemu ilikuwa inang'aa, naiona, naona na yeye ataiona. Akachukua karatasi yangu, akaiinua, akaishusha. "Anayefuata."

Nikaipandisha mashine kichwani. Nikasikia nyuma yangu vidole viwili vinagonga kwa mwendo niliokuwa naujua, si sentensi ya afisa, ni ule mstari wake wa kaka, mkono umejiendea wenyewe. Kisha, "Mzee, hebu rudia." Sikugeuka. Nilitembea mpaka mlangoni, nikashuka ngazi, nikatembea mpaka nyumbani, na sikugeuka hata mara moja.

Walimchukua. Mvua zikaja zikaisha, tumbaku ikavunwa, ndipo akarudi. Alirudi kakonda, na usikivu wa sikio la kushoto haukurudi naye. Afisa ugavi alikuwa amehamishwa mkoa mwingine, wengine wanasema kwa cheo. Kwa miezi yote hiyo mkewe Fundi alikuwa anapita sokoni na mimi nabadilisha njia. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilibadilisha njia. Niliogopa akiniuliza kitu uso wangu utajibu.

Fundi hakufungua tena baraza. Yeye na mkewe wakahamia kwa binti yao kule Ntalikwa, wakawa wanalima karanga na viazi. Miaka ikapita, maduka yakajaa tena, watu wakapunguza kunong'ona. Nami nikaanza kusema. Niliwaambia watu kwamba yule mzee alibeba kosa lisilo lake kwa ajili ya mwanamke asiye ndugu yake. Nililia nikisema. Watu walinisikiliza, wakamsifu. Nililijenga jambo lile likawa zuri, nami nikawa ndani yake kama yatima aliyeokolewa.

Siku moja nikajipa moyo kwenda kumwomba radhi. Nikapakia taipureta kwenye baiskeli ya kukodi, nikampa mwenye baiskeli asukume, nikafuata kwa miguu. Nilimkuta anapepeta karanga. Kofia ileile, sasa rangi ya udongo.

"Shikamoo, Fundi."

Akaweka mkono nyuma ya sikio zima. "Marahaba, mwanangu. Umeileta?"

"Nimeileta. Fundi, nimekuja uniwie radhi. Siku ile sikugeuka."

"Ungegeuka ungefanya nini?"

"Ulifungwa kwa barua ambayo hukuiandika."

Akaacha kupepeta. Akatazama uani, akatazama njia, akamwomba mwenye baiskeli aende akanywe maji kisimani. Mtindo wake uleule wa kumtoa muuzaji. Kisha akasema, "Niliiandika mimi."

Nadhani nilicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyesikia vizuri.

"Walikuwa wananiletea mashine nzima," akasema. "Nyingine hata hazijatolewa mafuta ya kiwandani. Wananiambia saini kwamba ni mbovu. Nikasaini. Miaka mitatu, nikasaini. Niliogopa. Siku moja wakaniachia ile ya misheni barazani, niitolee cheti chake cha ubovu. Mke wangu alikuwa matangani. Nikafunga mlango, nikaandika. K ilikuwa haina mguu na sikujali, maana mashine ilikuwa yao, nikasema wakiitafuta watajikuta wenyewe. Nilidhani watauziana wenyewe kama nyingine, sikufikiri kwamba wataitupa mnadani kwa wananchi."

"Halafu ukavua kofia."

"Nikavua kofia."

"Kwangu mimi. Unajua nina mama asiyeona, unajua mgambo wananitafuta, ukavua kofia. Mara mbili!"

"Ingechukuliwa na karani ingerudi ofisini. Nilitaka iende kwa mtu ambaye siku akiogopa atakimbilia kwangu, asikimbilie kwao. Na mjini hapa hapakuwa na mwoga kama wewe, ila mimi."

Nilitaka kumpiga. Mzee wa watu, kakonda, sikio moja, na mimi nilitaka kumpiga kwa ungo wake mwenyewe. Miaka yote ile nimembeba kama mtakatifu, nimejilaumu, nimekosa usingizi, kumbe ile haikuwa sadaka, alikuwa anarudisha kitu chake mahali pake. Nikamwambia, "Ulinitia kitanzini, Fundi."

"Nikakutoa."

"Ulinitoa kwa sababu ulinitia!"

"Ndiyo," akasema. Hakujitetea zaidi ya hapo. Akaanza tena kupepeta, maganda yanaruka, na nikaona machozi yamemjaa na hayafuti. Hasira yangu ikazunguka ikakosa mahali pa kutua, maana kila nilipotaka kumwambia neno la ukali niliikumbuka foleni ile, na mgongo wangu niliompa. Baadaye akauliza, kwa sauti ya fundi, "Na mashine? Imekusumbua?"

"Haijanisumbua hata siku moja."

"Basi ilikuwa rahisi ya kweli," akasema. "Hilo sikukudanganya."

Nikaifungua khanga, nikaingiza karatasi. Akaisogeza mapajani, akaweka kiganja chake kwenye fremu ili asikie kwa mkono alichokosa sikioni, akaandika kaka kakataa kukaa kwa kaka. Akaitazama K. Alikuwa anaijua, ilikuwa yake.

"Nitawaambia watu ukweli," nikamwambia. "Kwamba uliandika wewe."

"Waambie."

"Basi andika jina lako hapo, mara moja, nilione. Hakuna mtu."

Lori likapita barabarani. Akanyamaza, vidole hewani, mpaka likaishia. Akajitemea mate kifuani. Kisha akaandika, herufi moja moja, jina lake na la baba yake, akaichana ile karatasi kwa uangalifu, kipande chembamba kama utepe, akanipa. "Waambie yote," akasema. "Ila jina usilitaje."

Haya, nimewaambia. Kipande kiko hapa ndani ya sanduku la mashine. Jina lina K mbili, na zote mbili zina miguu yake. Silitaji.